Sura ya Sita: Maadam Injini Imeshafunguliwa

Gari lilikuwa limesogezwa ukutani nyuma ya kituo cha polisi, pua imebonyea, taa moja ikining'inia kwa waya. Inspekta alikuwa ameinama juu ya injini kwa muda mrefu hadi koplo wake akaanza kusinzia wima.

"Afande, ripoti ya mkaguzi wa magari si iko wazi?" koplo alisema. "Mkanda wa taiming ulikuwa umechoka, ukakatika. Injini ikazima katikati ya mteremko, breki zikawa ngumu kama jiwe, mzee wa watu, mwenye gari, akashindwa kukanyaga. Kule chini akamgonga fundi viatu, akafa palepale. Kosa ni la fundi gari. Alipewa hela ya mkanda mpya, akarudisha wa zamani."

"Kwanini?"

Koplo akashusha pumzi. Neno hilo ndilo lililompa inspekta jina lake. Kituo kizima kilimwita Bi Kwanini, naye alijua, na wala hakujali. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwita jina lolote, kwa hiyo hata la utani lilikuwa faida.

"Tamaa, afande. Kuna lingine?"

"Mwizi gani anavunja duka, anaiba kiberiti, anaacha redio? Njoo uone." Akamvuta koplo kwa mkono wa shati. "Hili gari lilipelekwa gereji kwa sababu gasketi ya silinda hedi iliungua, maji yakachanganyika na oili. Sawa? Gasketi ni mpya. Bolti za hedi ni mpya. Mipira ya maji mipya, themostati mpya, plagi mpya. Na hii hapa pampu ya maji, mpya inang'aa. Pampu imekaa nyuma ya mkanda. Huwezi kuifikia bila kuuvua mkanda. Basi huyu fundi aliuvua, akaweka pampu mpya, akaweka na roli mpya ya kuukaza. Halafu akachukua mkanda uliopasuka-pasuka akaurudisha? Kitu cha bei ndogo kuliko vyote?"

"Labda duka la spea lilimuuzia feki."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Asubuhi nimekaa na mwenye duka mpaka akaapa kwa kaburi la mama yake. Lakini mkanda feki ni kitu kipya kinachojifanya imara. Huu ni mzee kweli. Maandishi yake yamefutika, na umelowa oili ya miaka. Kamlete fundi."

"Afande, huyo kesho asubuhi anasomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia."

"Ndiyo maana namtaka leo."

Kwenye benchi la mapokezi mke wa fundi alikuwa amekaa tangu alfajiri, miguu imebanwa pamoja, mkoba mapajani. Hakuwa analia wala kumsumbua mtu. Kila askari alipopita alinyanyua uso, kisha akaushusha. Koplo alipopita na mumewe aliyefungwa pingu, mwanamke alisimama, akakaa tena, akasimama tena. Bi Kwanini, aliyekuwa akingoja mlango wa nyuma, aliona uchungu, akageuza macho upande wa pili.

Fundi mwenyewe watu walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mteja mwenye haraka. Alikuwa mrefu, mabega yameshuka kwa kuinamia magari ya watu. Kabla hajalitazama gari, aliuliza:

"Mzee anaendeleaje, afande?"

"Mkono ulivunjika. Wamemfunga plasta, yuko nyumbani kwake."

"Anapika nani?"

Swali hilo Bi Kwanini hakulitegemea. "Sijui," alisema. "Tazama injini yako. Usiguse kitu."

"Nitagusa na nini? Mikono mnayo nyie."

Koplo alicheka, kisha akakumbuka kazi yake akanyamaza. Taratibu akainama. Bi Kwanini akamwona anabadilika. Yule mtu mnyonge wa mahabusu akaondoka, akaja fundi.

"Unaona hii mistari ya rangi ya njano?" alisema. "Kila bolti nikimaliza kuikaza naipaka mstari, nusu juu ya bolti, nusu juu ya chuma. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Hizi za juu ziko vilevile nilivyoziacha. Sasa tazama za kifuniko cha mkanda."

Bi Kwanini akatazama. Mistari ya bolti za kifuniko ilikuwa imekatika yote, nusu huku, nusu kule.

"Kwa hiyo kifuniko kilifunguliwa baada yako."

"Kilifunguliwa kikafungwa. Na aliyekifungua hakuwa na spana ya saizi. Vichwa vimekwaruzwa. Alitumia ile, samahani afande, ile tunayoiita spana malaya, inayokubali kila bolti." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. Mtu anayejiona anatoka shimoni husema haraka. "Mimi sina hiyo gerejini kwangu, nendeni mkakague! Mkanda mpya niliuweka kwa mikono yangu, Wallahi. Huyu mtu aliuvua, akarudisha... hebu subiri."

Alikuwa ameona kitu. Chini ya kichwa cha bolti ya pembeni kulikuwa na ncha ya uzi mweupe, uzi wa pamba, uliozungushwa kwenye meno ya bolti kabla haijafungwa. Bi Kwanini akaunyofoa kidogo kwa kibano.

"Nani anafunga uzi kwenye bolti?"

Taratibu aliutazama ule uzi.

"Fundi. Nakuuliza. Nani ana mtindo huu?"

Taratibu alisimama wima polepole. Alitazama ukuta, akatazama pingu zake. Alipozungumza, ile sauti ya fundi ilikuwa imekwisha.

"Hakuna. Andika ni mimi, afande."

"Unasema?"

"Nilirudisha mkanda wa zamani. Tamaa. Andika hivyo, nirudishwe ndani."

Koplo aliruka kwa furaha. "Si nilisema! Amekiri!"

"Mrudishe," Bi Kwanini alisema. Koplo aliporudi, alimkuta bado ameshika ule uzi. "Koplo, huyu mtu amekataa tangu alipokamatwa. Tumemgombeza, tumemtisha, amekataa. Leo namwonyesha kitu cha kumwokoa, ndipo anakiri. Kwanini?"

Koplo akafikiri. "Amemjua aliyefanya."

"Amemjua. Na anampenda kuliko anavyojipenda mwenyewe. Twende gereji."

Gereji ya Taratibu ilikuwa banda la bati lisilo na mlango, sakafu nyeusi kwa oili, mnyororo wenye kufuli ukiwa umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Jirani yake alikuwa mchomeleaji, bonge la mtu, miwani myeusi kwenye paji la uso. Alipoona sare ya koplo alizima mashine yake, akaanza kusema kabla hajaulizwa.

"Mmemfunga bure. Yule mtu akikosa nati moja halali."

"Kazi ya gari la yule mzee ilichukua muda gani?" Bi Kwanini aliuliza.

"Aa, ile!" Mchomeleaji alicheka, kisha akaona haya kucheka. "Ile ilikuwa kazi ya siku chache. Ilikula karibu miezi miwili."

"Taratibu alikuwa anazungusha?"

"Taratibu? Mzee ndiye aliyekuwa hataki iishe! Sisi tulimwita Mzee Maadam. Siku ya kwanza hedi ilipofunguliwa, akaja akakaa pale kwenye lile dumu la rangi. Taratibu akamwambia, mzee, maadam injini imeshafunguliwa, ni afadhali tubadilishe pampu ya maji na mkanda, kwa sababu kazi ya kuvifikia tumeshaifanya, vikiharibika kesho tutafungua tena vyote hivi. Ushauri wa kawaida, kila fundi mzuri anautoa. Basi mzee akalipenda hilo neno. Kesho yake anakuja: maadam umeshafungua, vipi themostati? Keshokutwa: maadam umeshafungua, hedi ikachongwe, uso wake unyooke. Halafu sili za vali. Halafu mipira. Rejeta isafishwe. Kila ikikaribia kufungwa, anakuja na maadam nyingine. Mpaka siku moja Taratibu akamwambia, mzee wangu, gari limepona, limebaki kuzeeka tu. Tukacheka sana."

"Na yeye alicheka?"

Mchomeleaji alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Alicheka. Lakini siku ya kulichukua gari alimpa kila mtu mkono, mmoja mmoja, kama mtu anayesafiri. Hata wapita njia. Taratibu akamwambia, mzee, njoo wakati wowote, hapa ni kwako. Hakuja tena."

"Alikuwa anakaa tu?"

"Akae tu? Alikuwa anatufundisha! Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo kabla hakijafungwa. Kule, alisema, mashine zinatetemeka mchana kutwa, bolti zinalegea, kwa hiyo unazungushia uzi wa pamba kabla ya kukaza. Hata mlango wangu huu..." Akaonyesha bawaba. Ncha nyeupe zilitokeza chini ya kila bolti.

Koplo alifungua mdomo. Bi Kwanini akamkanyaga mguu.

"Swali la mwisho," alisema. "Vile vifaa vya zamani vilivyotolewa kwenye gari, viko wapi?"

"Taratibu haweki cha mtu. Chuma kilichotolewa ni cha mwenye gari, akione kwa macho yake, asije akasema ameibiwa. Vyote aliviweka kwenye boksi, akampa mzee."

"Na mkanda wa zamani?"

"Si nimekwambia vyote?"

Ndani ya gari la polisi koplo hakuweza kujizuia. "Afande, mzee mwenyewe? Ajitegee gari lake? Karibu afe!"

"Endesha."

"Lakini kwanini?"

"Leo umeiba neno langu," Bi Kwanini alisema, akageuza uso dirishani. Alikuwa ameshaanza kuelewa, na alitamani awe amekosea.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, imepakwa chokaa, uani pamefagiliwa vizuri mno. Mzee alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba! Karibuni, karibuni sana, wanangu." Furaha yake ilikuwa kubwa kuliko wageni. Alikuwa tayari anavuta viti, mkono mmoja ukimshinda. "Kaeni. Si mtakunywa chai? Msikatae. Mtu akija hapa hakatai chai. Na mkitaka chakula, kuna mkate."

"Hatutakaa sana, mzee."

"Mnakaa. Kwani mnakimbizwa?"

Wakakaa. Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja kilichochakaa na vingine vitano ambavyo vitambaa vyake vilikuwa bado vipya. Ukutani kulikuwa na picha za harusi za watoto, zimepigwa katika miji ya mbali, na picha moja ya mwanamke aliyefunga kilemba cheupe. Redio ilikuwa inasema peke yake chumbani. Bi Kwanini aliijua ile redio. Na yeye aliwasha yake kila akiingia ndani, kabla hata hajavua viatu.

Mzee alipopeleka birika jikoni kwa mkono mmoja, koplo alinyanyuka kumsaidia. Alikawia. Aliporudi alikuwa amebeba boksi la karatasi ngumu, uso umemlegea.

"Lilikuwa chini ya meza," alisema kwa sauti ndogo.

Ndani vifaa vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti, kila kimoja kimeoshwa kwa mafuta ya taa kikafutwa: gasketi iliyoungua ukingoni, pampu yenye kutu, themostati, plagi, mipira migumu iliyopasuka, roli ya zamani. Na kando, umekunjwa vizuri kama nguo ya Idi, mkanda wa taiming. Maandishi yake yalikuwa meupe, hayajafutika hata herufi moja. Ulikuwa mpya.

Mzee alisimama mlangoni na vikombe. Aliliona boksi. Akaviweka vikombe mezani, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa.

"Mzee," Bi Kwanini alisema, "utakachosema nitakiandika. Unaweza pia kunyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini? Mwanangu, mimi nanyamaza humu kuanzia asubuhi." Akakaa kwenye kile kiti kilichochakaa. "Taratibu yuko wapi?"

"Mahabusu. Leo amekiri kwamba mkanda wa zamani aliurudisha yeye."

Mzee alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Amekiri nini? Hakufanya kitu!"

"Aliuona uzi wako wa pamba kwenye bolti. Akanyamaza, akakiri. Na kabla ya yote hayo aliniuliza unaendeleaje, na nani anakupikia."

Hapo mzee alilia. Alilia bila kujificha, kamasi na machozi, mkono wenye plasta ukishindwa kufika usoni. Koplo alitazama nje dirishani. Bi Kwanini alimhurumia, na alimkasirikia vilevile. Fundi viatu alikuwa ameshazikwa, na mke wa Taratibu alikuwa bado kwenye lile benchi.

"Nieleze," alisema.

"Uzee haukuniuma pale gerejini." Mzee alivuta pumzi. "Unaelewa? Asubuhi naamka, najua naenda mahali. Nikifika wanasema, huyo Mzee Maadam kaja, leo anataka tubadilishe nini? Wananitania. Mtu anaponitania najua nipo. Gari likaisha. Nikarudi humu. Siku ya tatu nikajikuta naiaga redio kabla sijaizima."

"Taratibu si alikwambia uende wakati wowote?"

"Watu husema karibu, mwanangu. Lakini mwenye kazi huwezi kwenda kumkalia bila kazi. Nitakwenda na nini? Nitasema nimefuata nini?" Akalitazama lile boksi. "Nikauona mkanda wa zamani humo ndani. Nikajua, huu ukirudi kwenye injini, haukai. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni, hedi inafunguliwa upya. Kazi ya mwezi. Nilijua yote hayo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka yote. Nikaubadilisha pale uani. Nilidhani utakatikia hapahapa mtaani, nikienda kununua mkate. Sikuwaza mteremko. Mungu ananiona, sikuwaza mtu."

"Lakini siku ile uliendesha kwenye mteremko. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Mzee alijifuta pua kwa kiganja cha kushoto.

"Mkanda ulikataa kukatika," alisema. "Kila siku nazunguka mtaa, haukatiki. Nikachoka. Siku ile niliamka nikajiambia, potelea mbali, wewe nenda tu. Nenda ukawasalimie, bila sababu yoyote, wakikucheka wakucheke. Gereji iko chini ya mteremko."

Chai ilikuwa inapoa.

"Na ulipoona wamemkamata Taratibu?"

"Niliogopa. Nikasema, nikijitokeza, atanichukia. Nikasema, kesho. Kila siku nikasema kesho." Akainua uso. "Kwangu hapakuwa na mtu wa kuniambia, baba, nenda."

Bi Kwanini alifunga boksi, akampa koplo. "Kampigie simu mkuu wa zamu. Mwambie fundi asipelekwe popote kesho, na mkewe aambiwe sasa hivi, asingoje mpaka turudi." Koplo alitoka mbio. Bi Kwanini akasimama. "Mzee, inabidi twende. Mimi nitasema yote uliyoniambia, kama ulivyoniambia. Lakini kuna mtu amekufa, na mjane wake anasubiri jibu. Leo utalala kituoni."

"Najua." Mzee hakunyanyuka. Alikuwa anaangalia viti vile vitano, na kwa mara ya kwanza tangu waingie alionekana ana hofu ya kweli. "Mwanangu, nikuulize kitu, usinicheke."

"Siwezi kukucheka."

"Huko mnakonipeleka. Nitawekwa peke yangu?"

Bi Kwanini aliufikiria mlango wa chuma, kelele, harufu, wanaume walivyobanana ukutani hadi hapana pa kunyoosha mguu. Alitaka kumdanganya, lakini hakujua uongo upi ungekuwa wa huruma.

"Hapana, mzee. Kumejaa watu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akashika mkono wa kiti, akajiinua, akalitazama shati lake lililokuwa na doa la chai na kifungo kilichokatika.

"Basi nisubiri kidogo," alisema, "nibadilishe hili shati. Siwezi kwenda kwa watu hivi."